Amana Iliyo Kichwani

Waadhi juu ya ubongo, mishipa ya fahamu, na watoto wapatwao na degedege

Bismillahi Rahmani Rahimi.

Himidi na shukrani zamstahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyemwumba mwanaadamu kwa tone la maji, akamsimamisha kwa mifupa, akamfunika kwa nyama na ngozi, kisha akampa akili imwongoze kama nahodha aongozavyo chombo. Na sala na salamu zimfikie Bwana Mtume Muhammad, aliyewafundisha watu kumwabudu Mola wao na kuutunza mwili waliopewa, na ziwafikie jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Sababu ya waadhi huu ni jambo litokealo usiku katika nyumba za Waislamu, kule Ujiji na Kigoma kama huku pwani. Mtoto wa miaka miwili au mitatu hushikwa na homa mchana. Usiku macho yake hugeuka yakatazama juu, meno yakakazana, mikono na miguu ikatupwa huku na huku, na povu likamtoka. Waliomo nyumbani husema, huyu ana degedege. Na wengi huamini ya kuwa yuko ndege au mdudu wa kishetani arukaye usiku wa mbalamwezi, na mtoto apitiwaye na kivuli chake hukakamaa. Basi mtoto hufukizwa kwa mavi ya tembo, hupakwa mkojo, huoshwa kwa majani, na wazee huonya ya kuwa asichomwe sindano kabisa, kwani sindano humwua mwenye degedege. Kunapokucha, mtoto ama amekwisha kufa, ama amepona lakini si mtoto yule wa jana.

Lau watu wangalijua kilichomo ndani ya kichwa cha mtoto yule na kinachotendeka humo saa ile, wasingalikaa kungoja mapambazuko. Kwa hiyo waadhi huu umegawanywa fasli sita, ili msomaji ajue kwanza thamani ya amana hii, kisha umbo lake, kisha maradhi yake, na mwisho yampasayo baba.

FASLI YA KWANZA: Katika heshima ya akili

Maulamaa, na miongoni mwao Imamu Ghazali aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, yaani 1111, wamebainisha ya kuwa sharia imekuja kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Ulevi umeharamishwa kwa sababu huiondoa akili. Na imepokewa katika hadithi mashuhuri ya kuwa kalamu ya hesabu haimwandikii aliyelala mpaka aamke, wala mtoto mpaka abaleghe, wala mwenye wazimu mpaka arudiwe na akili. Hata udhu wa mtu hutanguka akizimia, kwani kwa saa ile akili haipo.

Na katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa pwani, mtu akimpiga mwenziwe kichwani hata akili ikamtoka isirudi, hulipa diya kamili, nayo ni ngamia 100, sawasawa na diya ya mtu aliyeuawa. Na atazame mwenye kutazama: mgeni apotezaye akili ya mtu kwa fimbo hudaiwa ngamia 100. Je, baba aiachaye akili ya mwanawe iharibike kwa homa usiku kucha, kwa sababu ya kuogopa ndege asiyeonekana, naye atajibu nini?

Ikiwa mtu atasema ya kuwa akili iko moyoni, si kichwani, basi jawabu yake ni kwamba maulamaa wamekhitalifiana tangu zamani. Wenziwe Imamu Shafi'i na mutakallimina wengi walisema makao yake ni moyo, na Imamu Abu Hanifa alisema ni ubongo. Lakini hawakukhitalifiana katika hili, ya kuwa ubongo ukidhurika, akili hudhurika. Mwenye nyumba aweza kukaa chumba hiki au kile. Paa likianguka, yeye hapati mahali pa kukaa.

FASLI YA PILI: Katika umbo la ubongo na mishipa ya fahamu

Ubongo wa mtu mzima uzito wake ni kama kilo moja na robo hata kilo moja na nusu. Ni laini kama uji uliogandamana, umekunjamana makunyanzi kama kokwa ya lozi, na umewekwa ndani ya fuvu gumu. Baina ya fuvu na ubongo ziko ngozi nyembamba tatu, na baina ya ngozi hizo yako maji safi ambayo ubongo huelea ndani yake. Kwa hiyo mtu akiruka au akipigwa na wimbi, ubongo haupondeki kwenye mfupa.

Chembe za fahamu zilizomo ndani yake zimekadiriwa kuwa kama bilioni 86. Kila chembe ina mizizi na matawi, na kwa matawi hayo hupelekeana habari na maelfu ya chembe nyingine. Uzito wa ubongo ni kama sehemu 2 katika 100 za mwili, lakini hewa safi iletwayo na damu hutumia kama sehemu 20 katika 100. Hauna akiba. Damu ikikatika kabisa, mtu huzimia kwa muda wa sekunde 10 hivi, na baada ya dakika chache chembe huanza kufa. Na chembe ya ubongo iliyokufa si kama ngozi iliyochubuka. Aghalabu haioti nyingine mahali pake.

Sehemu zake kubwa ni tatu. Ya kwanza ni ubongo mkubwa ulio juu, uliogawanyika pande mbili, kulia na kushoto. Humo mtu hufikiri, husema, hukumbuka na kukusudia. Na katika ajabu za maumbile ni hii, ya kuwa upande wa kushoto huuamuru mkono na mguu wa kulia, na upande wa kulia huamuru vya kushoto. Ndiyo sababu mwenye kiharusi, mshipa wa damu ukizibika au kupasuka upande mmoja wa kichwa, hupooza upande wa pili wa mwili.

Ya pili ni ubongo mdogo ulio kisogoni. Kazi yake ni kuulinganisha mwili. Mvuvi asimamaye ndani ya mtumbwi, mawimbi ya Ziwa Tanganyika yakimpandisha na kumshusha, naye akavuta wavu asianguke, husaidiwa na sehemu hii. Na mlevi apepesukaye njiani, miguu yake haina ugonjwa. Ulevi umeiharibia kazi sehemu hii.

Ya tatu ni shina la ubongo, liunganishalo kichwa na mgongo. Hilo ndilo liamrishalo pumzi, nalo huwa na sehemu katika mwendo wa moyo. Mtu hulala akasahau dunia na yote yaliyomo, wala hasahau kuvuta pumzi. Shina hili likibanwa au likidhurika, pumzi husimama.

Kutoka katika shina hushuka kitu mfano wa kamba nyeupe, kikapita ndani ya pingili za uti wa mgongo, na kutoka hapo hutawanyika mishipa ya fahamu mpaka ncha za vidole. Mganga Muislamu Ar-Razi, aliyeishi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, aliihesabu mishipa itokayo mgongoni kuwa jozi 31, na madaktari wa leo wanahesabu vile vile jozi 31. Ama itokayo kichwani leo huhesabiwa jozi 12: ya kuona, ya kunusa, ya kusikia, ya kutembeza macho, ya uso, ya ulimi, na mingineyo.

Watu wa Ujiji wana mfano wake karibu. Mwanzoni mwa karne ya 20 waya wa simu uliotoka kusini mwa Afrika ulifika mjini kwao, na mwaka 1914 reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Barua ikipanda gari la moshi hukawia. Habari ikipita katika waya hufika mara moja. Mishipa ya fahamu ni kama waya ule. Iliyo mepesi hupitisha habari kadiri ya mita 100 kwa sekunde moja. Iko mingine ipelekayo maumivu polepole, na kwa sababu hiyo ajikwaaye hujua kwanza kwamba amejikwaa, kisha maumivu humjia nyuma yake.

Na mvuvi wa dagaa agusaye karabai ya moto huondoa mkono kabla hajajua kwamba ameungua. Amri ile haikutoka kichwani. Habari ilifika mgongoni, na mgongo ukaurudisha mkono upesi, kisha ndipo kichwa kikapashwa habari. Katika Sura ya Adh-Dhariyat wanaadamu wameitwa watazame ishara zilizomo ndani ya nafsi zao, na hii ni moja yao.

FASLI YA TATU: Katika ushahidi uliopita kandokando ya ziwa

Wazungu wawili, Burton na Speke, walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858, kwa njia ya misafara ya biashara itokayo pwani na kupita Tabora. Burton alikuwa amepatwa na homa njiani, miguu yake ikafa ganzi na kukosa nguvu, hata akawa mtu wa kuchukuliwa. Speke macho yake yalikuwa yameugua, hata alipofika hakuliona ziwa vizuri. Mwezi uliofuata Speke alisafiri ziwani kwa mtumbwi. Usiku mmoja mdudu mdogo mweusi aliingia sikioni mwake, naye akajaribu kumwua kwa ncha ya kisu, akajijeruhi ndani. Sikio likatunga usaha, uso ukavutwa upande, na siku kadhaa hakuweza kufumbua kinywa akala chakula kigumu. Sikio lile likawa zito kusikia kwa miezi mingi. Mtu ambaye angaliuona uso ule uliopindika, pasipo kujua habari ya mdudu, angaliweza kusema amepigwa na pepo. Lakini sababu ilikuwa ni mdudu na kisu, pahali penye mishipa mingi ya fahamu.

Ushahidi wa pili ni malale. Mbung'o humwuma mtu, vimelea vikaingia damuni, na baada ya muda vikaingia katika ubongo. Hapo mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, tabia yake hubadilika, maneno yake huchanganyika, na asipotibiwa hulala usingizi usio na kuamka. Mwaka 1906 na 1907 daktari Mdachi, Robert Koch, aliwatibu wagonjwa wa malale katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, kwa dawa iitwayo atoksili, iliyotengenezwa kwa zarniki. Wengine walipata nafuu, na wengine walipofuka, kwa kuwa dawa ile iliuua mshipa wa kuonea. Baadaye serikali ya Kidachi ilifungua kambi za malale kandokando ya Ziwa Tanganyika pia. Katika kisa hiki mna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mdudu asiyeonekana kwa macho aweza kumgeuza mtu tabia na maneno, pasipo jini wala uchawi. La pili ni kwamba dawa nayo ni kitu cha kupimwa na wenye kujua, si cha kumiminwa na kila mtu.

FASLI YA NNE: Katika hakika ya degedege

Homa iletayo degedege mara nyingi katika nchi hizi ni malaria. Mfaransa Laveran aliviona vimelea vyake ndani ya damu mwaka 1880 huko Algeria, na Mwingereza Ross alivikuta tumboni mwa mbu mwaka 1897 huko Bara Hindi. Aina ya vimelea iliyoenea Afrika Mashariki ina hatari yake ya peke yake: huzifanya chembe nyekundu za damu ziwe na kunata. Mishipa ya damu iliyomo ndani ya ubongo ni myembamba kuliko unywele. Chembe zikinata kwenye kuta zake, njia hupunguka, kama mfereji ulioziba kwa magugu. Ubongo usio na akiba hukosa hewa safi na chakula, ukavimba ndani ya fuvu lisilopanuka.

Chembe za fahamu zikisumbuliwa hivyo, hupoteza nidhamu yao. Badala ya kila moja kungoja zamu yake, nyingi hutoa amri kwa wakati mmoja. Ni kama wavuvi walioshika wavu, kisha kila mmoja akavuta kwa nguvu zake bila kusikiliza nahodha: wavu hukazana na chombo hutikisika. Huko kutikisika ndiko degedege. Mkono haujashikwa na mtu. Umeamriwa na ubongo unaoteseka.

Wala si kila degedege ni malaria. Wako watoto ambao homa kali yoyote huwaletea mtukutiko mfupi, kisha wakapona pasipo dhara. Na wako wenye homa ya uti wa mgongo, ambayo huzishika zile ngozi zinazouzunguka ubongo, nayo huua upesi, na dawa yake ni mbali na dawa ya malaria. Kwa macho hayatambulikani. Hutambulikana kwa tone la damu kupimwa, na mara nyingine kwa maji ya mgongoni, mbele ya daktari. Apigaye ramli nyumbani hajui ni lipi kati ya hayo.

Na dhara lake halikomi kwa kifo. Katika uchunguzi uliofanywa Kampala juu ya watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2008, ilionekana ya kuwa baada ya miaka miwili kama mtoto 1 katika kila 4 alikuwa na upungufu katika akili yake: kusahau, kutotulia, au kushindwa kujifunza. Basi huenda mtoto akapelekwa chuoni akiwa na miaka saba, mwalimu akamwona hashiki herufi, akapigwa fimbo kwa uvivu, ilhali si mvivu. Sehemu ya kichwa chake ilipotea usiku ule.

FASLI YA TANO: Katika kuwajibu wasemao ni jini, na wasemao sindano huua

Kuwapo kwa majini ni jambo lililothubutu katika Kitabu, wala Muislamu halikani. Lakini kuwapo kwa majini hakumaanishi ya kuwa kila aangukaye ameangushwa na jini. Ibn Qayyim, aliyefariki mwaka 751 wa Hijra, yaani 1350, aligawa kuanguka kwa namna mbili: kuletwako na roho mbaya, na kuletwako na maradhi ya mwili, nako ndiko wanakokusema waganga wa tiba. Na kabla yake Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika juu ya kifafa katika Qanun yake na kukihesabu miongoni mwa maradhi ya kichwa. Hao walikuwa Waislamu, na hawakuona haya kuutazama ubongo.

Imepokewa pia, katika hadithi sahihi ya Ibn Abbas, habari ya mwanamke mweusi aliyekuwa akianguka, akamwendea Bwana Mtume kumtaka dua. Akahiyarishwa baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Akachagua kusubiri, ila aliomba asifunukwe na nguo aangukapo, naye akaombewa hilo. Bwana Mtume hakumkemea, hakumwita mchafu, wala hakuwakataza watu kumkaribia. Na yalinganishwe hayo na wafanyayo baadhi ya watu leo, ambao humwona mwenye kifafa ameanguka motoni wakaogopa kumshika, eti povu lake laambukiza. Kifafa hakiambukizi. Kule Mahenge, katika miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall aliwatibu wagonjwa wa kifafa waliokuwa wametengwa na watu, na wengi walipungukiwa na kuanguka kwa vidonge vya kila siku.

Ama kufukiza mavi ya tembo na kupaka mkojo, hayo yana ila mbili. Kwanza, katika madhehebu ya Imamu Shafi'i mkojo ni najisi na mavi ni najisi, na si jambo jema kumnajisi mtoto mgonjwa pasipo faida iliyothubutu. Pili, moshi huzidisha dhiki ya pumzi kwa mtoto ambaye ubongo wake tayari umekosa hewa.

Ama neno la kuwa sindano huua, hili lataka kujibiwa kwa uadilifu, kwani walisemao hawakulizua. Wameona kwa macho yao mtoto akichomwa sindano, na saa ile ile akafa. Lakini na waulize: alifikishwa saa ngapi? Aghalabu amekwisha kufukizwa siku mbili, ameoshwa, amepakwa, na hospitali imekuwa mlango wa mwisho. Mwenye kuona kamba ya uokozi ikielea penye chombo kilichozama, hasemi ya kuwa kamba ndiyo iliyokizamisha.

Na hesabu ipo. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya majaribio juu ya watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Nusu walipewa sindano ya kwinini ya tangu zamani, na nusu sindano mpya ya artesunate. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walikufa 109, na katika kila 1,000 waliopewa artesunate walikufa 85. Basi sindano si muujiza, kwani hata iliyo bora hawakuokoka wote. Lakini zaidi ya 900 katika kila 1,000 walirudi na roho zao, nao ni watoto ambao ugonjwa wao ulikwisha kuwa mkali.

FASLI YA SITA: Katika yampasayo baba

Na uchukuliwe mfano wa mvuvi wa Ujiji au Kibirizi. Usiku wa giza ndio usiku wa dagaa, kwa kuwa dagaa huifuata taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haifai kitu. Basi usiku wa giza wanaume wamo ziwani, na wanawake wamo nyumbani na watoto. Mtoto akikakamaa saa nane za usiku, mke husema, twende hospitali. Mkubwa mmoja hujibu, ngoja mwenye nyumba arudi, kwani fedha yuko nayo na ruhusa ni yake. Mwenye nyumba yuko mbali, taa yake yaonekana miongoni mwa taa nyingi juu ya maji kama nyota moja katika nyota, wala sauti haimfikii. Alfajiri hurudi na samaki wake, akakuta watu wamekaa barazani wamenyamaza.

Mtu huyu hakumpiga mwanawe wala hakumnyima chakula. Alikuwa katika kutafuta halali. Kosa lake ni moja tu, nalo ni kutoweka neno kabla ya kuondoka. Basi yampasa kila mwenye mke na watoto, awe mvuvi wa ziwani au nahodha wa jahazi la pwani au mfanya biashara wa safari, aseme waziwazi kabla ya kutoka ya kuwa mtoto akipata homa apelekwe, asingojwe mtu. Na aache nauli mahali panapojulikana. Na maulamaa wa Kishafi'i wamesema ya kuwa mke ana udhuru wa kutoka pasipo ruhusa nyumba ikitaka kuanguka. Kichwa cha mtoto kinachoharibika ni dharura isiyopungua ile ya nyumba.

Na mtoto anapotukutika, wafanye haya waliopo. Wamlaze ubavu, ili povu na matapishi yamtoke, yasimsonge. Wamwondolee nguo nzito na vitu vinavyoweza kumwumiza. Wasimtie kijiko wala kidole kinywani, kwani huvunja meno na kuziba pumzi. Wasimkandamize mikono, kwani haitatulia kwa nguvu za mtu. Wasimnyweshe maji, wala dawa, wala kombe, kwa kuwa asiyeweza kumeza, kinywaji chake huingia mapafuni. Kisha waondoke naye, hata kama mtukutiko umekoma, wampeleke zahanati iliyo karibu, na kutoka huko apelekwe hospitali kubwa ikihitajika, kama Maweni kwa watu wa Kigoma.

Ikiwa mtu atauliza, je, asisomewe? Basi na asomewe. Lakini dua isomwe njiani. Bedui mmoja alimwuliza Bwana Mtume kama amwache ngamia wake bila kufunga na kumtegemea Mwenyezi Mungu, akaamrishwa amfunge, kisha ategemee. Na imepokewa ya kuwa watu wameamrishwa wajitibu, kwa sababu hapana ugonjwa ulioteremshwa pasipo dawa yake, ila uzee. Mwenye kusoma Ayatul-Kursiy huku miguu yake yaenda hospitali amezishika amri zote mbili. Mwenye kusoma huku amekaa ameshika moja na kuiacha ya pili.

Na kinga ni bora kuliko tiba. Chandarua kwa mtoto kila usiku, hata usiku ambao mbu hawasikiki. Maji yaliyotuama kando ya nyumba yamwagwe. Na homa ya mtoto ipimwe siku ile ile, kabla haijapanda. Tangu mwaka 2006 dawa ya mseto ndiyo iliyowekwa Tanzania kwa malaria ya kawaida. Aliyepewa aimalize, asiiache siku ya pili kwa kuwa mtoto ameanza kucheza.

KHATIMA

Mtu huwekewa amana ya fedha akaificha sandukuni, akalala na ufunguo chini ya mto. Na kila mtoto azaliwaye katika nyumba ya Muislamu huja na amana kubwa kuliko fedha, imefungwa ndani ya fuvu, haina ufunguo wala bei. Kwa amana hiyo ndiyo atakayojifunza Fatiha, atakayomtambua baba yake, atakayosimama mbele ya Mola wake akaandikiwa hesabu yake. Baba hakuiumba, lakini amewekwa kuilinda, naye ataulizwa.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wa Waislamu katika miili yao na akili zao, awape wagonjwa afua, awape madaktari na wauguzi ujuzi na huruma, na awajaalie kina baba kuondoka upesi saa ya haja. Na rehema zake ziwashukie wadogo waliotangulia, na subira iwafikie wazee wao. Amina.